Niangalie Nikiongea na Wewe!



Leo nina swali linalonisumbua. Nimelipata darasani, huku Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, mahali ambapo wengi mnapafahamu kwa utafiti wa korosho. Nilikuwa najitolea kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Mimi si mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kugawa daftari, kunawisha watoto mikono na kuokota chaki.

Kulikuwa na mtoto wa kiume, miaka tisa hivi, mwenye usonji. Haongei. Ukimwita hageuki. Lakini ukimpa sahani ya korosho ghafi anazipanga mstari, kubwa mpaka ndogo, na hakosei. Siku moja nikataka tuhesabu moja mpaka tano. Yeye akawa anatazama dirishani. Nikamshika kidevu, nikamgeuza uso: "Niangalie nikiongea na wewe!" Akapiga ukelele, akaanza kujipiga kichwani. Ilichukua muda mrefu kutulia. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Macho yake uliyataka ya nini?"

Jamani, sikuwa na jibu.

Usonji si laana, si wazimu, wala si utovu wa adabu. Ni jinsi ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni, kwa hiyo anapokea sauti, mwanga, kuguswa na maneno tofauti na sisi. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, mashine ikinguruma kwa mbali, wewe unaendelea na shughuli zako. Yeye anaziba masikio, maana inamuumiza kweli. Na wengi wao, kumtazama mtu machoni huku wanasikiliza ni mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kumbe yule mtoto, alipotazama dirisha, huenda ndipo alipokuwa ananisikia vizuri.

Basi swali langu ni hili: tunapomfundisha mtoto kama huyu, tunamfundisha kwa ajili yake au kwa ajili yetu?

Mtu ataniambia, "Ndugu, dunia haitamsubiri. Lazima azoee." Ni kweli, na hoja hii siidharau. Bibi yake anamlea peke yake, na hatakuwepo milele. Mtoto lazima ajue kwenda chooni, kuogopa pikipiki barabarani, kuonyesha mahali panapouma. Kumwacha tu kwa kusema "ndivyo alivyo" si upendo, ni kumtelekeza kwa maneno matamu. Lakini kuna mambo mengine tunayamlazimisha ili sisi tusione aibu: atulie, asipunge mikono, atutazame. Nimejiwekea kipimo: akijifunza hiki, nani atapata nafuu? Nikiona ni mimi peke yangu, hilo si somo tena.

Na sisi ni wepesi wa kutafuta wa kumlaumu. Daktari Leo Kanner alieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa huko waliwalaumu akina mama, eti hawana upendo. Ikaja kuonekana si kweli. Huku kwetu tunasema karogwa, au ukoo una jambo. Katika Yohana 9 wanafunzi nao walimuuliza Yesu ni dhambi ya nani, ya yule kipofu au ya wazazi wake. Yesu aliwakatalia yote mawili.

Soma pia Marko 7, habari ya bubu-kiziwi. Yesu hakumponya katikati ya watu. Alimtoa kwenye kelele, wakawa wawili tu. Hakuanza na hotuba, maana yule asingeisikia. Alianza na vidole, akamgusa masikio na ulimi. Yaani Bwana alianza na lugha ambayo yule mtu angeweza kuipokea. Mimi nilitaka mtoto aje kwenye lugha yangu kwanza, ndipo nimfundishe.

Kesho yake nilikaa ubavuni mwake, sio mbele yake. Nikapanga korosho tano, nikatoa moja. Akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua nyingine, akaziba pengo. Nikatoa mbili, akarudisha mbili. Hakuniangalia hata mara moja. Lakini tano alikuwa anaijua, pengine siku nyingi.

Mwezi Novemba 2014 Papa Fransisko alikutana Vatikani na watu wenye usonji na familia zao, akahimiza tuvunje upweke na unyanyapaa unaowazunguka. Kwetu hilo linaanzia kanisani. Mtoto akipiga kelele wakati wa mageuzo, tusigeuke wote kumkodolea bibi yake. Baada ya Misa tumfuate, tumwamkie, tumuulize, "Bibi, Jumapili ijayo tukusaidieje?" Halafu tufanye atakachosema yeye, sio tulichopanga sisi.

Tuombe: Ee Yesu, uliyemtenga bubu-kiziwi kando na kelele, utusamehe pale tulipotumia nguvu tukidhani ni malezi. Utufundishe kukaa ubavuni. Amina.