Njia ya Mwongo ni Fupi, Hata kwa Mashine

Methali hii huwa tunamtupia mtu aliyekwisha kuumbuka, kana kwamba ukweli hujitokeza wenyewe kama jua. Wahenga hawakuahidi hivyo. Walikubali kwamba mwongo ana njia na anapita, tena pengine kwa mbio kuliko sisi. Walichomnyima ni urefu, na urefu huo lazima awepo wa kuukata.

Miaka ya 1990 wenye tovuti walipewa sehemu iliyofichika ndani ya ukurasa, ambayo msomaji haioni, waandike maneno ya kuziambia injini za utafutaji ukurasa unahusu nini. Wajanja wakajaza humo kila neno linalotafutwa sana; muuza matairi akaandika jina la mwanamuziki maarufu. Wageni walikuja, kwa muda. Injini zikaacha kuyaamini maneno yale, na mwaka 2009 Google ikatangaza kwamba haiyatumii kabisa kupanga matokeo. Hata aliyekuwa akiandika ukweli hakusikilizwa tena. Mwongo akifika mwisho wa njia, huwa ameifunga na kwa waliokuwa nyuma yake.

Sasa tunatuma programu zijadiliane zenyewe. Programu ya hoteli inataka samaki, ya mchuuzi inauza. Kabla ya bei, zikubaliane samaki "mbichi" ni yupi: wa alfajiri ya leo, au hata aliyelala barafuni siku mbili? Kila moja inavutia kwa bwana wake, na haina haya wala majirani wa kuisema. Kuihubiria ni kupoteza pumzi. Masharti ya mazungumzo ndiyo yamfanye mkweli apate zaidi.

Inawezekana. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alichambua mnada wa bahasha zilizofungwa ambamo mshindi hulipa bei ya aliyemfuatia. Tuseme kitu kwako kina thamani ya shilingi 50,000, na mwenzako ameandika 40,000. Ukiandika 50,000, unalipa 40,000. Ukijifanya mjanja ukaandika 45,000, unalipa 40,000 ileile. Ukishuka hadi 39,000, umekikosa. Ukijitutumua na 60,000 siku ambayo mwenzako ameandika 55,000, umekinunua kwa hasara. Kusema ukweli hakukupunguzii kitu, na hesabu hiyo hata mashine isiyo na dhamiri inaielewa.

Ila mnada hauwezi kumnusa samaki. Hapo panahitajika daftari: kila mzigo ulioitwa mbichi, na jibu la mpishi alipoufungua. Mchuuzi aweke na dhamana, ikatwe kila neno lake linapokanushwa jikoni.

Methali inakwama mahali pamoja: kwa mwongo anayebadili jina. Kijijini hilo ni gumu. Kwenye mtandao, programu iliyoumbuka asubuhi hurudi mchana na jina jipya, na njia yake inaanza upya. Watafiti Eric Friedman na Paul Resnick walilichambua jambo hili mwaka 2001. Majina yakiwa rahisi kupatikana, walionyesha, wenyeji hulazimika kumshuku kila mgeni mpaka ajithibitishe. Basi mchuuzi mkweli aliyeingia sokoni leo atauza kwanza kwa bei ya chini na dhamana kubwa, akilipia uwongo wa watu asiowajua.