Jina la Chuo na Tabia Yake

Msomaji, siku si nyingi yamkini utaketi mbele ya orodha ya vyuo vikuu ukatakiwa kuchagua. Mwanafunzi wa Kenya aliyepata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne huweza kuomba nafasi ya shahada, na taasisi ya serikali iitwayo KUCCPS hulinganisha alama zake na za wenziwe kabla ya kumpangia mahali. Machaguo ni machache, na miaka itakayotumika ni mingi. Basi ni wajibu kuuliza: chuo huchaguliwa kwa kitu gani?

Aghalabu jawabu la kwanza ni jina. Jina kubwa hupendeza kutamkwa mbele ya majirani, wala si haki kulidharau, maana waajiri nao hulisikia. Lakini jina ni sifa ya kazi iliyofanywa na watu waliotangulia. Wewe utasoma pamoja na walimu na wanafunzi waliopo sasa, kwa desturi walizo nazo sasa. Desturi hizo ndizo ninazoziita tabia ya chuo: jinsi swali linavyopokewa, jinsi kitabu kinavyosomwa, jinsi kosa linavyosahihishwa, na kama mikono hutumwa kazi pamoja na akili.

Vyuo vya Afrika Mashariki vyatuonyesha kwamba tabia hizo hutofautiana. Hapa kwetu Njoro, karibu na Nakuru, Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 pakawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo hufundishwa huko mambo mengi, lakini asili yake ni elimu ya shambani, ambayo maneno ya kitabuni hupimwa kwa mmea na kwa mnyama. Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, palikuwa na tabia nyingine. Mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alifundisha huko, na wanafunzi walijadiliana juu ya ujamaa na ukombozi hata wakatoa gazeti lao, Cheche. Nairobi nako, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuliza kwa maandishi kwa nini fasihi ya Kiingereza iwe kitovu cha masomo katika chuo cha Afrika. Apendaye kupima mbegu na apendaye kupima hoja wote ni wasomi, lakini si lazima wastawi mahali pamoja.

Huenda mzee akakukemea kwa methali: Mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli. Humlaumu mvivu anayeshinda akikagua mipini ili asilime. Lakini mkulima hodari wa Molo naye huchagua mbegu iwezayo baridi ya kwao, wala hakuna amwitaye mvivu. Ubaya basi haumo katika kuchagua, bali katika kuchagua ili kuikwepa kazi.

Utaijuaje tabia ya chuo? Usiridhike na picha za majengo, kwani chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtafute anayesoma huko umwulize: mwalimu akiulizwa swali asiloweza kulijibu hufanya nini? Maktaba hujaa siku zote, au juma la mtihani tu? Mwanafunzi akileta kazi iliyoandikwa na mwingine, huchukuliwaje? Kisha jiulize mwenyewe: nakitaka chuo hiki kwa sababu kitanikuza, au kwa sababu kitaniacha nilivyo?

Swali hili la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa jawabu lake halikuhusu wewe peke yako. Karo ya vijana wengi wa Bonde la Ufa hutoka katika maziwa, viazi, mahindi, na mshahara wa mama anayechuma maua Naivasha. Mzazi anayeuza ndama kwa ajili ya masomo yako ana haki ya kutazamia akili iliyofunzwa. Ukimrudishia jina la chuo tu, hujamlipa.

Na itakuwaje ukipangiwa chuo usichokitaka? Usikate tamaa. Tabia ya chuo hufanywa na watu, na watu huweza kuigeuza. Egerton ya leo si shule ya mwaka 1939. Wanafunzi watano wanaokutana kila juma kusoma kitabu kimoja, wakaulizana kwa heshima na kusahihishana bila kinyongo, wamekwisha kuanza kuibadili tabia ya mahali walipo. Chagua kwa makini, basi, wakati wa kuchagua. Na ukisha kufika, ishi kwa namna ambayo atakayeuliza habari za chuo chako baada yako apate jawabu jema.