Uzuri wa Madhabahu ya Jirani

Kwenye ukumbi wa kusini wa kanisa kuu la Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kuna nguzo iliyochongwa aya ya Kurani. Waongoza watalii hawaipiti bila kusimama. Mwavuli huinuliwa, kundi hukusanyika, kidole huelekezwa kwenye maandishi ya Kiarabu na maelezo hutolewa: ni aya ya 54 ya sura ya Al-A'raf, inayomtaja Mungu aliyeziumba mbingu na ardhi kwa siku sita. Mkristo akisikia hivyo hukumbuka kitabu cha Mwanzo. Mwislamu hutabasamu. Kisha huja maneno ambayo matembezi yote ya asubuhi yalikuwa yakiyaelekea: hapa, karne nyingi zilizopita, watu wa dini tatu waliishi pamoja kwa amani.

Ziara yenyewe ni ya nusu siku. Huanza kabla jua halijawa kali na huisha wakati wa chakula cha mchana. Katika muda huo mgeni hupitishwa kwenye kasri la wafalme wa Kinormani, kanisa kuu, njia panda ya Quattro Canti, kanisa la Martorana na jirani yake San Cataldo, lenye kuba tatu nyekundu. Tangu 2015, isipokuwa njia panda hiyo, majengo hayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa sababu ile ile anayoitaja mwongozaji: kuchanganyika kwa ustadi wa Waislamu, wa Kibizanti na wa Ulaya Magharibi. Mtu hawezi kumwita mwongozaji mwongo. Anayarudia yale ambayo mawe yanaonekana kuyasema.

Lakini mawe ni shahidi wa namna gani? Mtu akiupenda uzuri wa nyumba ya ibada ya mwenzake, amemkaribia mwenzake huyo kwa kiasi gani? Swali hili si la wanahistoria peke yao. Linamhusu kila anayeingia mahali patakatifu pasipo pake akiwa na tiketi mkononi, na Palermo ni mahali pazuri pa kulipima kwa sababu hapo lilikwisha kuulizwa zaidi ya miaka mia nane iliyopita, na mtu aliyekuwa na wasiwasi wa kweli nalo.

Majeshi ya Kiislamu kutoka Afrika ya Kaskazini yaliuteka mji huu mwaka 831. Kanisa kuu la wakati huo likawa msikiti. Mwaka 1072 Wanormani, Wakristo wenye asili ya kaskazini ya Ufaransa, waliuchukua mji na msikiti ukawa kanisa tena. Jengo linaloonekana leo lilianzishwa miaka ya 1180, nalo limeongezwa na kubadilishwa mara nyingi baadaye. Nguzo yenye aya ni ya zamani zaidi kuliko ukumbi iliobebeshwa. Mafundi waliiona inafaa, wakaitumia. Huenda waliiheshimu, huenda walihitaji jiwe tu.

Kasrini ndipo mambo yanapokolea. Mfalme Roger II, aliyevishwa taji siku ya Krismasi mwaka 1130, alijijengea kikanisa ndani ya jumba lake, Cappella Palatina, kilichowekwa wakfu mwaka 1140. Kutani kumejaa mozaiki za dhahabu za mtindo wa Kibizanti, zenye maandishi ya Kigiriki na Kilatini. Juu yake kuna dari ya mbao iliyochongwa kwa vishimo vinavyoning'inia kama ya misikiti na majumba ya Waarabu, imepakwa rangi, na maandishi yake ya Kikufi yanamtakia mfalme nguvu, baraka na ushindi. Waliochorwa humo ni wapiga ala, wachezaji sataranji, wanywaji wenye vikombe mkononi. Raha zote za ikulu ya sultani ziko juu ya vichwa vya wanaohudhuria misa! Mgeni hazioni vizuri, maana dari ni ya juu na picha ni ndogo. Hukaza shingo dakika mbili, hupiga picha, na zamu ya kundi linalofuata hufika.

Katika kasri hilo hilo ndimo msomi Mwislamu, al-Idrisi, alimokamilisha mwaka 1154 kitabu kikubwa cha jiografia kwa agizo la Roger. Hakuwahi kufika pwani ya Afrika Mashariki, lakini aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri, na humo ameitaja Malindi na chuma chake, na Mombasa pia. Waongozaji wengi hawalisemi hilo, na si kosa lao. Nani katika kundi la watalii wa Ulaya angeuliza habari za Malindi?

Roger aliwapenda mafundi wa Kiislamu, wasomi wa Kiislamu, hata mavazi. Joho lake la mwaka 1133 au 1134, ambalo sasa limehifadhiwa Vienna, limetariziwa Kiarabu na tarehe yake ni ya Hijria. Hata hivyo Waislamu waliokuwa raia wake walilipa jizia, kodi ile ile ambayo Wakristo na Wayahudi walikuwa wakiwalipa watawala Waislamu kabla yake. Mkusanyaji alibadilika; daftari halikubadilika. Mfalme aliyaona makuu katika kazi ya mikono yao bila kulazimika kuwaona wao kuwa sawa naye.

Shahidi bora ni Ibn Jubayr. Alikuwa katibu wa gavana wa Granada, akatoka kwenda kuhiji mwaka 1183. Alipokuwa akirejea, chombo chake kilivunjika karibu na Messina mwezi Desemba 1184. Mwenyewe anaeleza jinsi wenye mashua walivyotaka malipo makubwa kuwafikisha watu nchi kavu, na jinsi mfalme William II, mjukuu wa Roger, alivyotoa fedha zake kuwalipia Waislamu maskini waliokuwa wamekwama. Akaja Palermo. Siku ya Krismasi aliingia katika kanisa lililojengwa na George wa Antiokia, amiri wa majeshi ya majini wa Roger, kanisa linaloitwa leo Martorana.

Alichokiandika kinafaa kusomwa na kila anayekata tiketi ya kuingia humo. Alisema kuwa ni miongoni mwa majengo ya ajabu kabisa duniani. Alieleza kuta zilizofunikwa dhahabu, mbao za marumaru za rangi rangi, madirisha ya vioo vinavyoteka macho. Kisha akamwomba Mungu amkinge na fitina ambayo uzuri ule unaitia nafsini. Kuhusu mnara wa kengele, uliosimama juu ya nguzo, alisema hakuona mnara uliopendeza zaidi, akaomba siku moja Mungu autukuze kwa adhana.

Mambo mawili yamefungamana hapo, na msomaji wa leo hupenda kuchukua moja na kuliacha la pili. La kwanza ni hofu. Ibn Jubayr aliamini kwamba jengo lina uwezo wa kumgusa, kwamba dhahabu na nuru vinaweza kuuyumbisha moyo wa mtu aliyetoka Makka juzi tu. La pili ni tamaa: alichokipenda alitaka kiwe chake. Ni rahisi kuiita tamaa hiyo ushupavu wa dini. Lakini Wanormani walikuwa wameufanyia nini msikiti wa mji, na kabla yao Waislamu walikuwa wamelifanyia nini kanisa? Katika Palermo ya karne hizo, kuupenda uzuri wa madhabahu ya jirani na kuinyemelea madhabahu yenyewe havikuwa mbali.

Na bado hofu yake ililipa kanisa lile heshima ambayo kamera hailipi. Anayejikinga na kitu amekubali kwamba kitu hicho kinasema. Mtalii wa kawaida, awe muumini au la, huingia Martorana akiwa na hakika kwamba atatoka kama alivyoingia. Ameambiwa kuwa ni sanaa. Picha ya Kristo akimvisha Roger taji huelezwa kama siasa iliyochorwa, jambo ambalo ni kweli, na hivyo swali la kama Kristo huyo anamdai chochote mtazamaji huachwa mlangoni. Aghalabu mgeni hatambui hata kwamba kanisa lina wenyewe: ni la Wakristo wenye asili ya Albania wanaofuata liturujia ya Kigiriki, na kuna saa ambazo hufungwa kwa watalii kwa sababu ndani watu wanasali.

Ibn Jubayr hakuishia kwenye majengo, na hapo ndipo anapowashinda waongozaji. Aliwaona wanawake Wakristo wa Palermo wakienda kanisani Krismasi ile wamevaa kama wanawake wa Kiislamu, hariri na shungi, manukato na hina. Alisimuliwa kuhusu tetemeko la ardhi, ambapo mfalme aliwasikia watumishi wa kasri lake wakimwita Mungu wa Waislamu kwa hofu, akawaambia kila mtu amwite yule anayemwabudu. Alisikia pia habari za mwanasheria mmoja, Ibn Zur'a, aliyebanwa na maofisa wa mfalme mpaka akaiacha dini yake, akajifunza Injili, na msikiti uliokuwa mbele ya nyumba yake akaugeuza kanisa. Watu walinong'ona kwamba moyoni bado ni Mwislamu.

Trapani, alikosubiri merikebu ya kumrudisha Hispania, yalimfikia mazito zaidi. Mzee mmoja mwenye heshima alimtuma mwanawe kwa mmoja wa mahujaji na ombi: amchukue binti yake, msichana mdogo, amwoe mwenyewe au amwoze kwa mtu wa kwao, ilimradi aondoke kisiwani. Baba alikuwa tayari asimwone tena bintiye maisha yake yote, kwa kuogopa kwamba akibaki ataipoteza dini. Binti aliulizwa, naye akakubali kwenda.

Hayo yalitokea wakati ule ule ambapo vitabu vya utalii huona kilele cha kuishi pamoja. William alikufa mwaka 1189, na Waislamu wa Palermo wakashambuliwa. Walionusurika wengi walikimbilia milimani. Frederick II, ambaye kaburi lake ni kituo kingine cha ziara ndani ya kanisa kuu, alisoma Kiarabu na kuandikiana na wanafalsafa Waislamu. Huyo huyo, kuanzia miaka ya 1220, aliwahamisha Waislamu wa Sisilia kwa maelfu hadi Lucera, Italia bara. Mwaka 1300 Lucera ilivunjwa kwa amri ya mfalme Charles II, na wakazi wake wengi wakauzwa utumwani. Wayahudi nao walifukuzwa kisiwani kwa amri ya wafalme wa Hispania ya mwaka 1492. Dari ya Cappella Palatina ilibaki. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na dari.

Je, basi hadithi ya nguzo ni ya kutupwa? Hapana. Kuna jiwe la kaburi la mwaka 1149, alilowekewa mwanamke aliyeitwa Anna na mwanawe Grisandus, padri aliyetumikia mfalme. Limeandikwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu cha herufi za Kiebrania, na kila maandishi yanahesabu mwaka kwa kalenda yake. Padri huyo alitaka kila apitaye amjue mama yake kwa lugha ya mpitaji. Jiwe hilo linasema zaidi kuliko dari ya mfalme, kwa sababu halimwombi mtu amsifu yeyote, linaomba kusomwa. Lakini limewekwa katika jumba la La Zisa, mbali kidogo na njia ya ziara fupi.

Ustahimilivu unaosimama juu ya manufaa hudumu kadiri manufaa yanavyodumu. Roger alihitaji makarani, wachoraji, askari. Warithi wake walipowapata kwingine, au walipoona gharama za kisiasa zimepanda, mkataba ulikwisha. Kudharau manufaa nayo ni anasa ya watu ambao hawajawahi kulindwa nayo: kwa vizazi kadhaa, watu walizaa, wakafanya biashara na kuzika wazee wao kwa sababu mfalme aliwahitaji. Kinachokosewa ni kukipa kipindi hicho jina la upendo, kisha kumtaka mgeni alisadiki kwa kuitazama marumaru.

Palermo ya leo ina mifano ambayo haihitaji kupambwa. Tangu 1990 kanisa moja la zamani, karibu na Quattro Canti, limekuwa msikiti. Mwaka 2017 jimbo kuu la Kikatoliki lilitangaza kuwapa Wayahudi jengo la ibada katika eneo lililokuwa mtaa wao, miaka zaidi ya mia tano baada ya kufukuzwa. Na juu ya mlima Pellegrino, kwenye pango la Mtakatifu Rosalia, msimamizi wa mji tangu tauni ya mwaka 1624, hupanda Watamil kutoka Sri Lanka, wengi wao Wahindu. Familia nyingi zilikuja kwa sababu ya vita vya kwao. Hawajabatizwa na hawaombi kubatizwa. Huleta maua, huwasha mishumaa, na huomba yale ambayo watakatifu huombwa popote, afya na riziki na watoto.

Wanateolojia wa pande zote mbili wanaweza kuwakosoa. Padri anaweza kusema wanamchanganya Rosalia na miungu yao. Mhindu mwenye msimamo mkali anaweza kusema wamepotea njia. Hata hivyo kwa Watamil hao Rosalia ni mtu wa kuzungumza naye, na hawajadai pango liwe hekalu lao. Wanakuja na haja zao kwenye nyumba ya mwingine, na kuondoka wakiiacha ni ya mwingine. Mtalii mwenye alasiri moja ya ziada anaweza kupanda basi la mjini hadi huko juu, hasa Jumapili, mradi akumbuke kwamba wale anaowakuta hawakuja kutazamwa.