Vya Kuandika na vya Kuacha

Vyuo vingi vya Marekani vinavyofundisha uigizaji humtaka mwombaji karatasi mbili ambazo kwa mbali zinafanana. Ya kwanza ni wasifu wa kisanii: ukurasa mmoja, si zaidi, wenye jina, urefu, aina ya sauti na jedwali la michezo uliyowahi kucheza. Ya pili ni orodha ya kazi ulizo nazo tayari kichwani, yaani nyimbo na hotuba za wahusika unazoweza kuzitoa papo hapo ukiambiwa, haya, tuone. Ya kwanza ni ushahidi, ya pili ni ahadi. Ahadi hupimwa siku ya usaili. Ukiandika wimbo usioujua, utaumbuka mbele ya jopo. Ushahidi haupimwi na mtu. Hakuna profesa atakayepiga simu Mbebe kuuliza kama kweli Krismasi ile ulikuwa Mariamu.

Ndiyo maana karatasi ya kwanza ndiyo iliyotukalisha siku tatu, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyemaliza kidato cha sita na kuona tangazo la ufadhili. Mbebe ni kata ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Ukumbi wa maonyesho hatuna. Kuna kanisa, kuna uwanja wa shule, kuna nyua za watu. Mimi nasoma shahada ya umahiri ya sanaa za maonyesho, kwa hiyo nyumbani nahesabika kuwa mtu wa mambo hayo, ingawa nilipoomba chuo niliulizwa alama za mitihani tu na hakuna aliyetaka kujua kama nimewahi kusimama jukwaani. Jedwali lenyewe lilikuwa na safu nne: mchezo, uhusika, mwongozaji, ukumbi.

Yeye alikuwa ameshaandika vyake kwenye daftari. Mariamu katika igizo la Krismasi, miaka mitatu. Ngonjera ya kumpokea mgeni rasmi shuleni. Igizo la Siku ya UKIMWI Duniani, ambamo alikuwa bibi anayelea wajukuu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, waliyoisoma darasani kisha wakaiigiza kipande. Ngoma za harusi, "nyingi, sikuhesabu". Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa kalamu, nao nitaurudia.

Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam, mzoefu wa kuomba ufadhili, alitushauri kwa simu tuupambe wasifu. Kwa dakika kumi tu mambo yalibadilika sura. Ngonjera ikawa tamthiliya ya kishairi. Uwanja wa shule ukawa Jukwaa la Wazi la Mbebe. Mwalimu wa zamu, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kuwatuliza wanafunzi kwa fimbo, akawa mwongozaji. Ukiuchukua mstari mmoja mmoja, hupati uongo wa kumshika mtu nao. Uwanja ulikuwa wazi, hilo halina ubishi.

Lakini uongo haukai kwenye maneno peke yake. Unakaa pia kwenye picha unayoijenga kichwani mwa msomaji, huku ukijua kwamba angeijua hali halisi, picha ile ingebomoka. Profesa akisoma "Jukwaa la Wazi la Mbebe" ataona viti, taa, watu waliokata tiketi. Sisi tuliochagua maneno hayo tuliyachagua kwa sababu ataona hivyo. Kujitetea baadaye kwamba kila neno ni la kweli ni sawa na muuza mchele anayeapa kuwa kipimo ni debe kamili, na ni kweli, ila kitako amekigonga kikaingia ndani.

Rafiki yangu alikuwa na hoja, na sikuipuuza. Alisema fomu yenyewe ndiyo iliyoanza udanganyifu. Imetengenezwa kwa ajili ya watoto ambao shule zao zina kumbi na walimu wa maigizo, halafu inajifanya inamuuliza kila mtu swali lilelile. Swali lisilo la haki, alisema, halina haki ya kudai jibu lililonyooka. Nilikaa na hoja hiyo usiku kucha. Nakubali nusu yake ya kwanza. Ya pili inaniwia vigumu, kwa sababu fomu haidhuriki na chochote. Nafasi za ufadhili ni chache, na mahali fulani, Lindi labda, au Kigoma, kuna msichana mwingine mwenye ngonjera yake na uwanja wake wa shule, ambaye hana rafiki wa kumpambia. Tukipamba, hatuwapunji Wamarekani, tunampunja yule.

Tena kupamba kunaficha kitu chenye thamani. Ngonjera haihitaji kubatizwa jina jingine. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliikuza iwe ushairi wa majibizano wa kusemwa na kutendwa mbele ya watu, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikaenea mashuleni. Ni aina ya sanaa yenye jina na historia. Vivyo hivyo ngoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na wasomi wake wakatumia miaka mingi kuonyesha kwamba ngoma, masimulizi na nyimbo za kwetu ni maonyesho kamili, si malighafi ya kusubiri mtu aje atengenezee maonyesho. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, kimefundisha ngoma bega kwa bega na uigizaji. Kwa hiyo kuandika ngoma ya harusi kwenye safu ya michezo si ujanja. Tuliiandika, kwa jina lake.

Safu ya mwongozaji ndiyo iliyogoma. Tulimwuliza bibi nani aliongoza ngoma ya harusi ya mwaka jana. Akacheka. "Aongoze nani? Anayechoka anapokewa."

Naliona jibu hilo kuwa la kitaalamu kuliko anavyojua mwenyewe. Wapo waandishi wetu wakubwa waliofanya kitu cha jamaa hiyo kwenye karatasi: tamthiliya ya Harakati za Ukombozi, iliyotoka mwaka 1982, ina majina matatu, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Lakini hata matatu yanaingia kwenye safu. Wanawake arobaini wanaopokezana hawaingii. Na mdogo wangu alikuwa anadai nini hasa akiandika pale jina lake peke yake? Nadhani alikuwa anadai zamu yake. Kuna wakati katika harusi ile ambapo yeye ndiye aliyeshika wimbo, na kama angekosea wote wangekosea. Kazi ya pamoja huwa yako kwa kiasi kile ambacho ungelaumiwa kama ingeharibika. Kwenye safu tukaandika: wanawake wa Mbebe, kwa kupokezana. Kwenye uhusika: mshika wimbo, kwa zamu.

Sasa ule mstari uliokatwa. Ulisomeka: "Kuimbisha msibani". Mama mmoja jirani alifiwa na mwanawe, na kwa siku zote za matanga mdogo wangu ndiye aliyeimbisha. Nilikuwepo. Nimeona maonyesho mengi ya wanafunzi na ya watu wanaolipwa, na sijaona mtu wa umri wake akiushika umati namna ile, akijua lini sauti ipande na lini aiache ianguke ili waliochoka wapate pa kulilia. Kwa kipimo chochote cha sanaa, ndiyo kazi yake bora. "Dada, hiyo siandiki," alisema. "Yule mama ndiyo kwanza ameanza kutoka nje."

Nilimwuliza kuhusu Antony, kwa sababu kwenye ile orodha ya pili alikuwa ameweka hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, kutoka Shakespeare aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Nayo ni maombolezo, na mwombolezaji mwenyewe ana hila. Anautumia msiba kuuchochea umati. Mbona huo haoni haya kuuigiza? Akanijibu kwamba Kaizari akishaombolezewa anaamka, anajifuta vumbi, anakwenda kunywa chai.

Sina la kuongeza hapo, ila kwamba jibu lake linamgharimu. Wasifu wa aina hii huwa na sehemu ya chini kabisa ya ujuzi mwingine, ambako watu huandika kwamba wanajua kuogelea au kuiga lafudhi. Huko ndiko tulikoandika: huimbisha kundi kubwa bila ala. Chini yake ikafuata baiskeli. Jambo analolifanya vizuri kuliko yote limekaa juu ya baiskeli, na jopo litalipita kwa nusu sekunde.

Zilibaki video. Walitaka wimbo mmoja bila ala, na hakuna anaouimba kama ule wa msibani. Wimbo si mali ya marehemu, nilimwambia, umekuwepo kabla yake. Hakubishana nami, ila alikwenda kwanza kwa yule mama, akapiga magoti, akaomba ruhusa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa. Aliuliza tu, "Na huko wanakoutaka, wamefiwa na nani?"

Tukarekodi wa harusi.