Mgonjwa Haulizwi Uji

Methali hii hufundishwa mapema shuleni, na maana yake hutolewa kwa sentensi moja: mwenye dhiki husaidiwa, hangojwi aombe. Mwanafunzi hupata alama zake akaenda zake. Sina ugomvi na sentensi hiyo, ila ni nusu ya methali tu. Nusu ya pili haionekani vizuri mpaka mtu auguze mzazi.

Pa kuitazamia ni Kondele, Kisumu, nje ya lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Siku hizi matatu za barabara ya Kakamega huwashusha hapo watu waliobeba mifuko, na ndani ya mfuko mara nyingi mna chupa ya chai isiyo na chai. Mna uji wa wimbi, au wa mtama na muhogo, ule ambao Wajaluo huuita nyuka, umekamuliwa ndimu. Mgonjwa aliyeko wodini hakuuagiza. Aliyeubeba aliamka alfajiri akaukoroga kwa sababu anajua kwamba huko ndani kuna mtu ambaye hajatia kitu tumboni.

Kwa nini asiulizwe? Jibu la haraka ni kwamba mgonjwa hana nguvu za kujibu. Naona liko jibu lenye uzito zaidi. Mama aliyekulisha tangu ukiwa mchanga haoni urahisi wa kukuomba kikombe. Ukimuuliza, "Mama, nikuletee uji?" atakwambia ameshiba, au usijisumbue, au umwangalie kwanza yule wa kitanda cha pili. Hasemi uongo kwa ubaya. Anailinda heshima yake, na anaulinda mfuko wako. Swali limemtwika kazi ya kuomba juu ya kazi ya kuumwa. Na muulizaji naye limempa pa kutokea: ameuliza, ameambiwa hapana, anaweza kwenda nyumbani akiwa na amani. Ndivyo lilivyo lile neno ambalo wageni huliacha mlangoni wanapoaga, "Ukihitaji chochote nipigie." Ni neno zuri, na aghalabu halina uji ndani yake.

Kwa hiyo methali inamhamishia aliye mzima mzigo wa kuomba. Inamtaka atumie macho. Kwa mzazi mwenye saratani, uji huwa wa namna nyingi: kumtangulia kliniki mapema ushike foleni, kuhakikisha amesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla karani hajamrudisha, kumtafutia gari siku ya kemo, maana mtu aliyetoka kwenye dripu akitapika si wa kupandishwa bodaboda mpaka Mamboleo. Kutuma nauli kwa M-Pesa bila kungoja ujumbe wa "tafadhali". Haya hayahitaji kikao cha ukoo. Yanaonekana kwa macho.

Hapo ndipo wengi huifunga methali, na hapo ndipo inapoanza kutudanganya.

Chukua saratani ya umio, ile ambayo wengi huiita ya koo. Ni miongoni mwa saratani zinazoua sana nchini Kenya, na imeziandama hasa sehemu za magharibi na Bonde la Ufa. Haiji kwa kishindo. Mzee anaacha nyama, anasema ni meno. Baadaye ugali unamkwama, anausukuma kwa maji. Anahamia wali uliopikwa ukalainika. Mwishowe kinachopita ni uji peke yake, na nyumba nzima, kwa upendo, inampikia uji. Hakuna anayemuuliza; methali imetiiwa barabara. Lakini kulikuwa na swali moja lililotakiwa kuulizwa miezi mingi nyuma: "Baba, mbona siku hizi huli ugali?" Katika nyumba ya Mjaluo mtu mzima kuukataa ugali ni habari, na habari hiyo ilipita mezani kila jioni bila kusomwa. Watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani zote zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni dogo mno, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba watu hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaenea.

(Na kwa kuwa tunazungumzia uji: watafiti haohao walitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, vya kupita nyuzi 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Uache upoe kidogo.)

Basi kuona hali si sawa na kumsikiliza mtu, na methali inadai la kwanza bila kulifuta la pili. Tunapolifuta ndipo yanapotokea yale ya kwenye veranda za hospitali. Daktari anatoka na majibu ya kile kinyama kilichopelekwa maabara. Kifungua mimba anavutwa kando. Wanarudi wakiwa wameshakubaliana: mama asiambiwe. Ataambiwa ni vidonda vya tumbo. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba akijua atakata tamaa, atakufa kabla ya siku yake. Mahali pengine kuna hofu ambayo haitamkwi mbele ya daktari, kwamba jirani wakisikia mtu anakonda hivyo watanong'ona kuhusu chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na lawama itarudi kwa mke wa fulani au mtoto wa fulani.

Siwadharau wanaoficha. Wengi wao wanampenda mama kuliko wanavyojipenda. Lakini angalia walivyoinyoosha methali: kutoka kutomuuliza uji wamefika kutomuuliza maisha yake. Na siri yenyewe haifichiki. Mama anapelekwa kliniki yenye neno saratani mlangoni, anakaa kwenye benchi na mwanamke aliyefunga kitambaa kwa sababu nywele zimekwisha, na wanazungumza. Anajua. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anajua, kwa kuwa wanawe wote wameshika zamu ya kutabasamu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imempa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, gharama zake, na hata haki ya kuyakataa. Inamruhusu daktari kunyamaza pale tu penye ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza kutakuwa kinyume na maslahi yake. Huruma ya kifungua mimba haikutajwa humo.

Mwaka 2019 Wakenya waliona sura nyingine ya jambo hili. Julai ile, saratani iliwachukua Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote ndani ya mwezi mmoja. Okoth alikuwa ametangaza mwenyewe, hadharani, kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Hakumwachia mtu kumsemea. Hata hivyo alipofariki, palizuka mvutano: wa karibu walisema alitaka kuchomwa, jamaa wengine wakapinga, na mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi, mwezi Agosti, katikati ya malalamiko. Ikiwa mtu aliyesema mengi hivyo aliacha nafasi ya kubishaniwa, fikiria yule ambaye hakuulizwa lolote.

Na maswali ni mengi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Nyanza aliyehitaji mionzi alilazimika kuifuata mbali, aghalabu Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, akae kwa jamaa wiki baada ya wiki. Je, mama anaitaka safari hiyo? Anataka ng'ombe auzwe? Kundi la WhatsApp limeshaundwa, kaka aliye Ughaibuni amechanga nyingi na sasa sauti yake ndiyo nzito, na michango imefuatwa na maoni. Mkono mtupu haulambwi, tunajua, lakini mkono uliojaa nao hauna haki ya kuamua peke yake. Mwenye mwili yuko chumba cha pili. Huenda anataka matibabu yote. Huenda anataka arudi dala, yaani bomani kwake, akae chini ya mwembe wake, na anaogopa kulisema asionekane kuwatupia michango yao.

Liko jambo la mwisho, ambalo wauguzi wa Kisumu Hospice na wenzao wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu, wanalijua kuliko sisi. Saratani inapokaribia kumaliza kazi yake, mwili huacha kutaka chakula. Hiyo si njaa inayomuua; ni mwili unaofunga shughuli. Lakini binti anayempenda babake anashika kijiko na kusukuma, kwa kuwa amelelewa kwamba mgonjwa haulizwi uji, na baba anapaliwa. Wakati huo kulowesha midomo kunatosha, na maumivu yanahitaji mofini zaidi ya wimbi. Mofini ya kunywa si anasa ya Ulaya: daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, dawa hiyo ya maji ndiyo iliyokuwa nguzo ya kazi yake, na mgonjwa aliweza kuinywa kwake nyumbani. Familia nyingi bado huikataa zikidhani ni ya kuharakisha kifo.

Kwa hiyo hufika siku ambayo hata uji wenyewe ni wa kuulizwa: "Baba, utaweza kidogo, au tuache?" Na akitikisa kichwa, uache. Anayeuliza hivyo mbele ya ukoo ajiandae. Ataambiwa amechoka kuuguza, ataambiwa anamtakia mzee kifo, na huenda shangazi mmoja akamnyang'anya kikombe. Maneno hayo yanauma. Hayageuzi anachokitaka mzee.