Mwenye Kisu na Ale Mwisho

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii twaijua sote, na wengi wetu tumeitumia mara nyingi, sokoni, kazini, na hata katika mambo ya utawala. Waliotuachia maneno hayo walieleza jinsi ulimwengu ulivyo: mwenye uwezo hufika mbele, na asiye nao hubaki akitazama. Wala hawakusema kwamba ndivyo inavyopasa kuwa. Leo twapenda kuuliza kama methali hii ina nafasi ndani ya nyumba, mahali ambapo watu hawakukusanyika ili kushindana. Na ili tusipotee katika maneno makubwa, tutaliuliza swali letu mbele ya chakula kimoja tu: nyama ya ng'ombe ya kuoka pamoja na viazi, chakula ambacho jamaa nyingi hukipika siku ya Jumapili zinapojaliwa kukipata.

Upishi wake si mgumu. Mpishi hununua kipande kimoja cha mnofu, tuseme cha kilo 2, akakipaka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Hukigeuza katika mafuta ya moto mpaka pande zote zipate rangi ya kahawia, kisha hukiweka katika sufuria nzito yenye mfuniko. Asiye na oveni huweka makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, kama vile aokavyo keki, akauacha moto ufanye kazi yake taratibu. Viazi humenywa, huchemshwa mpaka vikaribie kuiva, kisha hupangwa kuizunguka nyama ili vinywe mafuta yake na kukauka kwa nje. Nyama ikiisha kuiva haikatwi papo hapo. Hupumzishwa kama robo saa, maana ikikatwa ingali ya moto sana maji yake humwagika siniani. Tena hukatwa kwa kukingama nyuzi zake, ili hata mnofu mgumu uwe laini mdomoni. Na jambo moja mpishi hulijua bila kuambiwa: moto nao huchukua fungu lake. Kilo 2 zilizotoka buchani hufika mezani zimepungua yapata robo. Hapo kazi ya mpishi imekwisha, na kazi ya dhamiri yaanza.

Twasema hivyo kwa sababu nyama ya kuoka haifanani na nyama ya mchuzi. Ya mchuzi hukatwa vipande kabla ya kupikwa, na upawa ndio uigawao huko jikoni, pasipo mtu kuona. Upawa waweza kupita juu ukateka mchuzi mtupu, au waweza kushuka chini ukaleta minofu, na anayepokea hajui kilichobaki. Lakini nyama ya kuoka huletwa mezani nzima. Kisu hupita mbele ya macho ya wote, na hata mtoto asiyejua kusoma hujua kupima unene wa kipande alichopewa ndugu yake.

Uingereza ni nchi ambayo nyama ya kuoka ya Jumapili imekuwa desturi ya vizazi vingi. Zamani nyumba nyingi za maskini hazikuwa na jiko la kuokea. Basi watu walipeleka nyama yao na viazi kwa mwokaji mikate asubuhi, naye akaviweka katika tanuri lake, nao wakavichukua walipotoka kanisani. Mwaka 1913 Maud Pember Reeves, mwanamke aliyeishi London, alitoa kitabu juu ya jamaa za wafanya kazi wa mtaa wa Lambeth, walioishi kwa mshahara wa karibu pauni moja kwa juma. Kitabu hicho chaonyesha wazi kwamba katika nyumba hizo nyama ilinunuliwa kwa ajili ya baba. Ya Jumapili ndiyo iliyokuwa kubwa, na iliyobaki aliila yeye ikiwa baridi siku zilizofuata. Mama na watoto waliishi zaidi kwa mkate, na kwa viazi vilivyotiwa mchuzi wa nyama.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Baba huyo hakumnyang'anya mtu. Mama mwenyewe ndiye aliyefanya hesabu: mkono wa baba ndio uletao mshahara, nao ukidhoofika wote watalala njaa. Penye sahani ndogo mno, hesabu hiyo ina akili ndani yake, tena ina upendo. Lawama iliyo kubwa yawaelekea waliolipa mshahara usiotosha kuilisha jamaa moja. Hata hivyo twaona hatari yake. Desturi iliyozaliwa na dhiki haifi dhiki inapokwisha. Mshahara huongezeka, mama naye huenda kazini au hushinda shambani kutwa nzima, na bado kipande kinene hufuata njia ile ile ya zamani. Hata kwetu twazijua nyumba ambazo baba hupelekewa minofu sebuleni, na mama na watoto hugawana mchuzi jikoni. Twamjua pia kuku ambaye firigisi yake ina mwenyewe kabla hajachinjwa. Sababu ya kwanza imesahauliwa, ila fungu limebaki.

Je, haki ya mezani ni ipi? Swali hili ni la kale. Katika utenzi wa Homer uitwao Iliad, Ajax anapotoka kupigana, mfalme Agamemnon humpa mnofu mrefu wa mgongo wa ng'ombe kuwa heshima yake. Karne nyingi baadaye Plutarch, Mgiriki wa mji wa Chaeronea, aliandika mazungumzo ya watu wanaobishana juu ya jambo hili hili: ni vema kila mlaji apimiwe fungu lake, au wote wale chakula cha pamoja? Mmoja wao aliona kwamba kupimiana ni kuua urafiki, kwa kuwa watu hualikana ili wale pamoja, wala si ili kila mtu achukue uzito wake kama anunuaye buchani. Mwingine akamjibu kwamba mafungu si chanzo cha ugomvi. Chanzo chake ni tamaa ya mtu kwa kilicho cha wengine na kilicho cha wote. Sisi twaona kwamba kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Pasipo kipimo, mwenye mkono mwepesi hushiba na mpole hubaki na njaa. Na penye kipimo tu, pasipo upendo, meza imekuwa mizani.

Aristotle alifundisha kwamba haki katika kugawa si kuwapa wote sawasawa, bali ni kumpa kila mtu kwa kadiri ya anavyostahili. Neno hilo ni la kweli, lakini lazaa swali jingine: kustahili kwenyewe kupimwe kwa nini? Vitani shujaa hupimwa kwa ushujaa wake, na kiwandani mtu hupimwa kwa kazi yake. Nyumbani je? Sisi twajibu kwamba nyumbani kipimo cha kwanza ni haja. Mtoto mchanga hajafanya kazi yoyote wala hana cheo, na hakuna mzazi amwambiaye kwamba hastahili maziwa.

Tena haja yenyewe yaweza kujulikana. Nyama nyekundu ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, nayo yahitajiwa katika kutengeneza damu. Wataalamu wa lishe wa Marekani hushauri kwamba mwanamume mtu mzima apate miligramu 8 za chuma kwa siku, mwanamke wa umri wa kuzaa miligramu 18, na mjamzito miligramu 27. Basi tazameni jinsi desturi ilivyopindua mambo! Anayehitaji zaidi ya mara tatu huachiwa mchuzi, na anayehitaji kidogo huwekewa mnofu chini ya kawa.

Hapa viazi navyo vyatufundisha. Kiazi hiki twakiita kiazi cha Ulaya, ingawa asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na leo hulimwa kwa wingi Njombe, Mbeya na Lushoto. Siniani hakuna akigombaniaye; kila mtu huteka na kurudia. Ndiyo sababu ukarimu wa viazi hauthibitishi neno. Twaweza kuijaza sahani ya mtu viazi mpaka vikaribie kuanguka, na papo hapo tukawa tumemnyima. Haki hupimwa kwa kile kilicho haba.

Serikali ya Uingereza iliijua tofauti hii wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tangu Machi 1940 nyama iligawiwa kwa kipimo, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka Julai 1954. Lakini viazi viliachwa huru muda wote wa vita. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgawo, mwanamke sawa na mwanamume, na mtoto wa chini ya miaka 6 alihesabiwa nusu ya fungu la mtu mzima. Hiyo ilikuwa sheria njema. Walakini sheria iliishia dukani. Mwuza nyama alikata kwa kipimo, ila hapana askari aliyesimama mezani kutazama ni nani aliyekula. Kati ya bucha na sahani kuna mwendo ambao sheria haiwezi kuutembea, nao ni mwendo wa dhamiri.

Wako watakaouliza: je, heshima ya baba i wapi? Twajibu kwamba imo katika kisu chenyewe. Anayekabidhiwa kuwagawia wengine ameheshimiwa tayari. Akijikatia kwanza, ameigeuza amana kuwa mali yake. Akijikatia mwisho, watoto humheshimu pasipo kuamriwa. Wala hatusemi kwamba mafungu yote lazima yalingane. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Yosefu alivyowaandalia ndugu zake chakula, na fungu la Benyamini likazidi mara tano mafungu ya wengine. Ndugu hao ndio wale waliomwuza Yosefu kwa wivu. Safari hii walikula na kunywa pamoja naye kwa furaha. Fungu lililozidi haliumizi mahali ambapo kila mmoja ana hakika kwamba hakusahauliwa. Baba aliyetoka kubeba mizigo kutwa na apewe cha kumrudishia nguvu, na wote watafurahi, mradi haja yake isiwe ndiyo haja pekee inayoonekana.

Wako pia watakaosema kwamba mama hupenda mwenyewe kujinyima. Twaamini, nasi twawaheshimu akina mama hao, maana wengi wetu tulikua kwa vipande walivyoviacha. Kujinyima kwa hiari ni jambo tukufu. Lakini sadaka ni sadaka pale tu ambapo mtu aweza kusema hapana. Sadaka inayodaiwa kila Jumapili kwa mtu yule yule imekwisha kuwa ushuru. Tena binti aliyeketi pembeni hutazama. Hakuna amwambiaye neno, naye hujifunza kwamba siku moja ushuru huo utakuwa wake. Na kaka yake hujifunza kuupokea.

Imebaki sahani moja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Katika nyumba nyingi za mjini yuko msichana wa kazi. Ndiye aliyekwenda buchani, ndiye aliyemenya viazi, ndiye aliyechochea makaa machoni mwake mkiingia moshi. Mara nyingi ni mtoto wa watu, ametoka mbali, na mama yake hajui leo amekula nini. Jamaa ikikaa mezani yeye husimama mlangoni, au hurudi jikoni kungoja kitakachobaki. Hana nguvu ya kudai, wala mshahara wake si wa kujinunulia nyama. Huyu ndiye asiye na kisu kabisa. Basi tukitaka kujua kama nyumba yetu ni ya haki, tusiulize baba alikula nini, wala mgeni alikaribishwaje, kwa kuwa hao wana wa kuwatetea. Tuulize sahani ya msichana yule ilikatiwa lini: pamoja na sahani zetu, au baada ya sisi kufuta midomo.

Kwa hiyo twawaomba akina baba na akina mama waishike kanuni moja nyepesi. Anayekata nyama na achukue fungu lake mwisho, hata kama ni dogo kuliko yote. Hakuna njia bora ya kuufanya mkono uwe mwangalifu. Wagonjwa, wajawazito na watoto watangulie, pamoja na wazee ambao meno yao yahitaji kipande laini. Kukiwa na watoto wawili wanaogombea kipande kimoja, mmoja akate na mwingine achague. Nao watajifunza haki kwa vidole vyao. Na mgeni akija ghafula, vipande vipunguzwe vyote kidogo kidogo, asitafutwe mtu mmoja wa kumfidia. Kizuri kula na mwenzio, walisema wazee, wala hawakutaja mwenzio wa cheo gani.

Jumapili ijayo, kabla kisu hakijagusa nyama, na tuwahesabu waliomo nyumbani; tusiwahesabu waliokaa mezani tu.