Ukurasa wa 142
Kitabu nilichojifunzia lugha ya C kilikuwa fotokopi, kurasa zingine zimekatwa pembeni hadi herufi za mwisho hazisomeki. Ni kile cha Kernighan na Ritchie, toleo la pili, la 1988. Hosteli tulikiita Biblia, na hatukuwa tunatania sana.

Ukurasa wa 142 unazungumzia malloc, ile amri ya kuomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Inakurudishia anwani ya nafasi hiyo, bila kusema ni ya kitu gani. Ushauri wa kitabu: igeuze mwenyewe, kwa maandishi, iwe ya aina unayotaka. Nilishika hivyo. Nilipoanza kufundisha vijana wa mwaka wa kwanza kwa shilingi 200 kwa saa, nikawashikisha hivyo pia. Mmoja wao aliacha kugeuza na programu yake ikafanya kazi. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba ni bahati tu, na mtu wa kubahatisha asijiite programa. Walicheka. Hakurudi tena.

Miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo, nikakutana na orodha ya masahihisho ya kitabu kile. Ukurasa wa 142 umo. Mfano uko sawa, inasema, lakini ule ushauri una mjadala: kwa kanuni mpya za lugha, kugeuza si lazima, na huenda kukaleta madhara. Madhara gani sasa? Ukisahau kuingiza faili inayoitambulisha malloc, kompaila za zamani zilidhani inarudisha namba ya kawaida. Hapo kompaila ingekuonya. Lakini ukishaandika ule mgeuzo, ni kama umeiambia, "Nyamaza, najua ninachofanya." Inanyamaza. Na kwenye mashine ambayo anwani ni ndefu kuliko namba hiyo, anwani inakatika, na programu inakuja kuanguka mahali pengine kabisa.

Kumbe kijana ndiye alikuwa sawa.

Tunawasifu waandishi wanaokubali makosa yao, na wanastahili. Donald Knuth alifikia hata kuahidi dola 2.56 kwa kila aliyekuwa wa kwanza kuona kosa kitabuni mwake. Lakini angalia ni nani analipwa: ni yule aliyeona. Aliyepotoshwa bila kujua hapati kitu. Na masahihisho hayaingii yenyewe kwenye fotokopi ya hosteli. Siwalaumu waandishi, wangetujuaje? (Tena hatukuwalipa hata ndururu.) Wakishatangaza kosa, wamefika mwisho wa uwezo wao.

Mimi sina kisingizio hicho. Msomaji wangu alikuwa mmoja, na namba yake bado ninayo. Halafu kuna jambo ambalo nimelizunguka muda mrefu nikijificha nyuma ya kitabu: hakuna ukurasa ulionituma nimwaibishe. Ushauri niliusoma, kicheko nilikianzisha mwenyewe.

Jana nilimwandikia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na aya tatu kuhusu malloc na historia ya kanuni za C. Nikaufuta. Nikaandika: "Ulikuwa sawa siku ile. Na hata ungekuwa umekosea, sikufaa kukuongelesha vile mbele ya watu."

Tiki ziko mbili. Bado ni za kijivu.